Ukiitwa Pangoni, Itika

Kisugu, Kampala, jioni

Faida, binti yangu,

Leo mchana nilikuita. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya mlango, wewe uko ndani unafunga begi, nikalitaja jina lako kwa sauti kama baba yeyote amwitavyo mtoto wake. Kimya. Kisha nikasikia hatua zako, pazia likasogea, ukatoa kichwa. Ulinitazama mimi kwanza, halafu nyuma yangu, halafu pande zote mbili za uwanja. Ndipo uliposema, "Baba, ulikuwa unataka nini?" Nikakujibu sikutaka kitu. Haikuwa kweli. Nilitaka kusikia kama ungeitika.

Sasa umekwenda kuwaaga majirani. Mama yako yuko jikoni anakukaangia dagaa wa safari, akilalamika kwamba hawa wa hapa si kama wa ziwa letu. Ng'ambo ya bonde taa za Bugolobi zimeanza kuwaka, na huko chini kwenye maghala kaka yako Bahati anavaa koti lake la ulinzi. Mambo ya maji, kofia na dawa ya tumbo mama yako ameshakueleza, hata mtoto wa jirani anaweza kukusomea yote kwa moyo. Mimi nina jambo moja tu.

Juzi mezani ulituonyesha kwenye simu picha za korongo mtakakoanzia kazi. Kuta nyekundu, mchanga chini, matundu meusi juu kama madirisha ya nyumba iliyohamwa. Nilikutazama ulivyokuwa ukifurahi na nikafurahi pia, maana si kila binti wa mkimbizi anayesomea mawe akapata watu wa kumlipa ayatazame. Ukasema siku ya kwanza mtatembea tu, kutoka asubuhi hadi jioni, mwingie mapango mawili au matatu ili wageni wazoee. Kisha ukataja sheria ya kiongozi wenu: ndani ya pango kila mtu huitwa kwa jina mara kwa mara, na kila mtu huitika. Asipoitika mara ya pili, kazi inasimama na wote wanaingia kumtafuta. Ulilisema hilo ukicheka. Mama yako alishika kijiko hewani, akakirudisha kwenye sahani bila kula. Mimi nilijifanya natafuta chumvi.

Uliuliza, "Baba, hili si lile korongo letu?"

Nimeitazama picha hiyo tena leo. Huenda ni lile, huenda si lile. Jangwa lina kuta nyingi zinazofanana.

Unakumbuka vipande. Acha nikupe jinsi nilivyoviona mimi, kwa mpangilio, kwa sababu wewe ulikuwa mdogo na ulikuwa gizani.

Sheria iliyokukalisha kimya ilitoka kwa Koko, mama yangu. Baba yake alikuwa mtu wa mitego, na watu wa mitego kwetu hawaitani kwa majina msituni. Walisema jina lililotamkwa porini hukaa huko, na mwingine anaweza kuliokota. Tulipokimbia milima yetu, wale waliotufukuza walikuwa wameyaokota majina kweli. Waliwashika majirani wakawalazimisha kuwataja wenzao, kisha usiku wakasimama pembezoni mwa msitu wakiita kwa upole: Mwalimu, toka, kumetulia. Mama Bahati, mtoto wako tumempata. Kulikuwa na watu waliotoka. Usiku wa kwanza Koko aliwakusanya ninyi wawili chini ya kitenge chake akawafunda. Jina lako gizani si lako. Likiitwa, liache lipite. Kalia mikono yako ili usishike wala usisogeze kitu. Mtu wako wa kweli atagonga jiwe kwa jiwe mara tatu. Ndipo umjibu, mara mbili.

Alikuwa na mawe mawili aliyoyatoa kwenye kijito cha nyuma ya nyumba yetu, laini kama mayai, ameyafunga kwenye pindo la kitenge. Sheria yake ilitufikisha mpakani wote. Yeye homa ilimshika baada ya mpaka, tukamzika kando ya barabara mahali ninapoweza kukuonyesha kwenye ramani lakini nisiweze kupapata kwa miguu. Wanawake waliomwosha walikuta mawe yamefungwa vilevile. Mama yako akasema wasiyaguse. Tulimzika nayo.

Kisha kambi, kule kaskazini mwa Kenya. Mimi niliyekuwa mwalimu wa jiografia, niliyefundisha jangwa kwa miaka mingi huku mvua ikipiga mabati ya darasa, nililiona jangwa kwa mara ya kwanza nikiwa na nywele zenye mvi. Nililipenda. Sijawahi kumwambia mtu hilo, maana mkimbizi hatarajiwi kupenda mahali alipotupwa. Lakini kwetu milima na ukungu vilificha kila kitu, na pale unamwona mtu anakuja tangu akiwa nukta. Nilidhani katika nchi kama hiyo hakuna kinachoweza kukuvizia.

Ekai ndiye aliyenipeleka. Unamkumbuka, mzee yule Mturkana aliyetuletea kuni, aliyekuwa akibeba kigoda chake cha mbao kila mahali kama wengine wanavyobeba kitambulisho. Aliniambia kuna korongo lenye mapango, na kwenye kuta zake watu wa zamani walichora twiga. Nikasema nitakwenda na watoto waone. Mama yako alikuwa na zamu kwenye foleni ya maji. Alinicheka: "Watu wanakimbia mashimo, wewe unakwenda kuyatafuta? Nenda. Ukikuta shimo lenye sukari, uniletee."

Tuliondoka jua halijachomoza, Ekai mbele, Bahati na dumu la maji, wewe na fimbo iliyokuwa ndefu kuliko wewe. Njia ilifuata mto mkavu, mchanga ukimeza miguu. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya ualimu. Ekai aliviangalia muda mrefu, akasema, "Mwalimu, mguu yako imeenda shule, lakini haina akili." Bahati alicheka mpaka akalimwaga dumu kidogo, nikamgombeza, na Ekai akasema maji yaliyomwagwa kwa kucheka si hasara.

Halafu ardhi ikafunguka. Hakuna aliyetuonya, tulikuwa tunatembea kwenye tambarare, mara miguu yetu ikawa ukingoni. Tuliteremka kwa njia ya mbuzi. Huko chini upepo ulinyamaza na joto likawa kitu cha kusukuma kwa mkono. Nilikuwa nimelewa, mwanangu. Niligusa zile tabaka za ukutani nikawaeleza jinsi maji yaliyokwisha kuondoka yalivyochonga kila mstari. Wewe uliuliza, "Maji yalikwenda wapi?" Nadhani ndipo kazi yako ilipoanza, kwa hiyo siwezi kuichukia siku ile yote.

Pango lenye twiga lilikuwa na mlango mpana, na ndani kulikuwa na baridi tamu. Popo walining'inia juu kama matunda yaliyokauka. Nilikuwa na tochi moja, betri zake nimezianika juani tangu jana yake ili zipate nguvu. Niliwasha, nikaona twiga, nikaona mtu mwenye upinde, na nikasahau kwamba nina watoto. Sikusahau muda mrefu. Nilipogeuka, Bahati alikuwa mlangoni na Ekai. Wewe hukuwepo.

Nilikuita. Pango lilichukua jina lako likalivunja, likalirudisha kutoka pande ambazo sikuwa nimesimama. Faida. Aida. Ida. Nikaita zaidi, na kadiri nilivyoita ndivyo zilivyozidi sauti. Tochi ilianza kuwa ya rangi ya chungwa. Nikamulika vijia viwili vilivyokuwa nyuma, vyembamba, nikaingia kila kimoja mpaka mabega yakakwama. Ekai aliniuliza, "Iko ndani ama iko nje?"

Sasa nitakuandikia sentensi niliyomjibu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Nilisema: "Hayuko humu. Mwanangu hawezi kunisikia akanyamaza."

Nilisema kwa uhakika, hata kwa majivuno kidogo. Ekai alinitazama, akakunja shuka lake, akaenda kukutafuta kwenye mashimo mengine, kwa sababu baba wa mtoto alikuwa amesema. Kwenye shimo la tatu mwamba uliachia chini yake. Mimi nilisikia kilio chake nikiwa nimeanza kupanda ukuta wa pili. Kifundo chake cha mguu hakikurudi kuwa kilivyokuwa. Mtu wa mifugo, ambaye kazi yake yote ni kutembea.

Mimi niliutoka msitu, Faida. Nilivuka mpaka, nikapewa hema, nikaanza kusifu mwanga. Ile sheria niliiacha njiani kama mtu anavyoacha sufuria nzito. Haikunijia kwamba wewe bado umeibeba, kwa kuwa hakuna aliyekuambia uitue.

Bahati ndiye aliyejua. Alikuwa amekataa kutoka kwenye pango la twiga. Nilipokuwa nikimfunga Ekai mguu kwa shati langu, huku bado nikiita jina lako, nilimsikia kaka yako akiita, "Baba, acheni kuita! Mnamwogopesha!" Nilirudi nikamkuta amepiga magoti gizani, ameshika mawe mawili ya mto mkavu. Akagonga mara tatu. Tukangoja. Aliyaweka mawe chini. Nilimsikia akiyaweka.

Kisha kutoka nyuma, upande wa kushoto, chini kuliko nilivyofikiri pango linafika, ikaja: ko, ko.

Mara mbili.

Tulitambaa kuelekea kule. Ulikuwa nyuma ya nguzo ya mwamba, karibu sana na mahali nilipokuwa nimesimama nikikuita, karibu kiasi cha kunisikia nikivuta pumzi. Ulikuwa umekaa juu ya mikono yako. Nilikubeba, na nilipofungua viganja vyako mlangoni, vilikuwa na alama za mchanga mpaka kwenye vifundo, na vidole vimekufa ganzi hata ukashindwa kushika kikombe. Bahati akakusifu, "Umejibu vizuri." Ukamwambia hukujibu. Ukasema hukuwa na mawe.

Nikakuuliza kwa nini ulinyamaza nilipokuita. Nakumbuka uso wako, umekauka machozi na vumbi. Ulisema, "Baba, mlikuwa wengi. Sikujua yupi ni wangu."

Wewe ni mtu wa sayansi na utaniuliza, basi nikujibu mapema. Nimesoma vitabu vya miamba kila nilipovipata. Najua kwamba pango linaweza kumeza pigo la kwanza na kurudisha mawili. Najua matone huanguka, na vijiwe huporomoka. Nilirudi ndani siku ileile kabla hatujaondoka, nikapapasa pale ulipokuwa umekaa. Mchanga mtupu. Na mwamba wa mle ulikuwa laini kama chaki. Ukiugonga hutoa sauti ya kufa. Tulichosikia kilikuwa sauti ya mawe ya kijito. Nimelala nayo sauti hiyo miaka yote hii na siwezi kuikosea. Sikuombi uamini chochote. Nakwambia nilichosikia.

Ekai tulimbeba kwa zamu mimi na Bahati, na kigoda chake ukakibeba wewe kichwani. Hakulalamika. Karibu na kambi alisema, "Hii mtoto yako iko na adabu ya fisi. Anasikia yote, ananyamaza." Akacheka, halafu maumivu yakamkata kicheko. Na mama yako, nilipomweleza yote, pamoja na yale mapigo mawili, alifunika sufuria, akatazama upande tulikotoka, akasema polepole, "Asante, mama."

Ungedhani siku ileile ningewakalisha na kuifuta sheria. Sikuifuta. Tulikuja nayo Kampala. Umekulia hapa Kisugu katika nyumba isiyoitika. Mama Nakato mwenye nyumba wetu alisimama uwanjani siku moja amechoka: "Mwalimu! Mwalimu we! Mimi naita mpaka koo inauma! Hii nyumba iko na watu ama iko na panya?" Na mama yako kutoka dirishani: "Panya wangekuitika, Mama Nakato." Uwanja mzima ulicheka, na sisi pia, na hatukubadilika. Yule kijana mtoto wa sajenti, wa kule Makindye, alikuita barabarani mbele ya wenzake, ukapita kama upepo. Alimwambia Bahati, "Dada yako ana maringo." Bahati alikuigiza mezani jinsi ulivyopita. Wewe ulicheka. Mimi niliona kwamba macho yako hayakucheka.

Na kuna upande mwingine, ambao ndio ulionifunga mkono. Bahati akirudi asubuhi kutoka kazini hugonga geti kwa sarafu mara tatu, na wewe, hata ukiwa na usingizi, unagonga sufuria kwa kijiko mara mbili, ndipo mama yako anaweka chai motoni. Sijui sauti nyingine duniani inayoniambia kwamba wote mko hai.

Kwetu neno lililofungwa na mkubwa halichakai kwa kukaa. Hufunguliwa na mkubwa mwingine, kwa mdomo, mchana, mbele ya watu. Kwa muda mrefu nilisema mkubwa ni kaka yangu aliyebaki nyumbani, na mpaka yeye anene mimi sina idhini. Ilikuwa kisingizio kizuri, maana kilikuwa cha heshima. Tangu tulipopata habari za msiba wake mwaka huu, sina tena mtu wa kujificha nyuma yake. Nimejitazama nikaona kilichokuwa kikinizuia hasa. Niliamini, na bado naamini ninapoandika hapa, kwamba Koko hajaondoka kwa sababu ana kazi. Sheria ni yake, na maadamu kuna mtoto wake anayekaa gizani akisubiri mawe, yeye atakuwepo kuyagonga. Nikiifungua, nitakuwa nimemwambia mama yangu aende. Sikuwa tayari kumzika mara ya pili. Kwa hiyo nilikuacha wewe ukalie mikono yako ili mimi nisibaki bila mama.

Nadhani utanisamehe kwa hilo kabla hata hujamaliza kusoma, ndivyo ulivyo. Lakini msamaha wako hautamsaidia mwenzako atakayeshuka kwenye shimo bovu kukutafuta kwa sababu hukuitika. Yeye naye ana watu. Atakuwa na miguu anayoihitaji. Na atakuwa anakuita kwa jina lako halali, wala hakuliokota popote. Utakuwa umempa mwenyewe mlipopeana mikono.

Najua pia pango litafanya nini. Litamgeuza awe wengi. Utamsikia kutoka pande ambazo hayupo, na mwili wako utataka kukaa chini. Sikuambii usiogope, mimi bado naogopa nikisikia mtu nisiyemwona ananiita kutoka nyuma ya lori. Hutaweza kujua yupi ni wa kweli kwa kusikiliza tu. Nimefikiri sana juu ya hili na sioni njia nyingine: itika, na wa kweli atakuja mahali sauti yako ilipo.

Kama ni lile korongo, na ukawaona twiga ukutani, simama nao kidogo. Usigonge kitu. Ikitokea umesikia mawili kutoka nyuma, upande wa kushoto, sema tu kwa mdomo wako, "Koko, tulifika," kisha toka juani pamoja na wenzako. Na ukikutana na mtu yeyote wa ukoo wa Ekai, mwambie wewe ndiye yule fisi. Atajua.

Mama yako ameniita sasa hivi nikale. Nimejisikia nikikaa kimya, kalamu mkononi, nikimsubiri aje mwenyewe. Ameshafika mlangoni, amesimama na mwiko, anauliza naandika nini kirefu hivyo. Unaona tulivyo.

Barua haiwezi kufungua neno la Koko. Nimekueleza, lazima iwe kwa mdomo. Kesho kutakapopambazuka nitatoka mpaka barabarani, mbele ya geti. Mama Nakato atakuwa anafagia, na Bahati atakuwa amerudi, nimemwomba asigonge. Wewe utakuwa ndani na begi lako. Nitakuita jina lako kwa sauti, mara moja tu, watu wote wakisikia. Itika hukohuko ndani kabla hujasogeza pazia, kabla hujanitazama kama ni mimi. Itika kwa lugha yoyote. Hata ile "Wangi!" wanayoitikia watoto wa Kisugu kwa Kiganda inatosha.

Mama yangu amesimama gizani muda mrefu, Faida. Akikusikia, ataweza kuyaweka mawe chini.

Baba yako